Punda analia jicho moja? Mwongozo kamili wa macho ya punda (na farasi) kwa sisi wa Lindi na Mtwara

Huku kusini ukisema unatibu macho ya punda watu wanacheka kwanza, maana punda wenyewe sio wengi, Mtwara mjini unaweza kuzunguka siku nzima ukakuta mikokoteni inasukumwa na vijana tu. Ila we toka nje ya mji, nenda Nachingwea, Liwale, Kilwa ndani ndani kule kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao toka Usangu kwenye 2006 na 2007, punda utawakuta wamebeba madumu ya maji, wamebeba mahindi, na mtoto yuko juu yake anachapa fimbo. Mi ni bwana mifugo wa kata, diploma, sio daktari, chuoni tulipiga sana ng'ombe na mbuzi na kuku, punda tulipewa vipindi viwili vitatu tukapita, kwaiyo mengi nitakayosema hapa nimejifunza baada ya kuharibu kwanza.

Na niliharibu kweli. Mwaka wangu wa kwanza kazini mzee mmoja ananipigia, "Bwana mifugo, punda wangu jike analia jicho moja tangu juzi, kafumba." Nikaenda na pikipiki, nikaangalia kwa macho tu tena juani, nikaona ni wekundu na machozi, nikatoa kichupa cha matone yale ya mbili kwa moja, antibayotiki imechanganywa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Kesho yake jicho likafunguka, mzee akafurahi akanifungia na kuku. Siku ya nne simu tena, nikafika nikakuta katikati ya jicho pamelegea, panavuta kama ute wa yai. Kumbe kulikuwa na kidonda kwenye kioo cha jicho na mimi nimekitia steroidi siku tatu mfululizo. Steroidi inatuliza maumivu na wekundu, ndo maana mtu unadhani umepona, lakini chini yake inazuia kidonda kufunga na inawafungulia mlango bakteria na fangasi. Jicho likaenda. Kuku nilishamla.

Kwaiyo ukisoma mwongozo huu wote ukasahau, beba hili moja: hakuna tone lenye steroidi (deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni, haidrokotisoni) kuingia kwenye jicho la punda kabla halijapimwa kwa rangi (nitaieleza Hatua ya 3). Soma kichupa. Kama maandishi ni madogo mpe mtoto wa shule akusomee.

Sasa twende.

Jua kwanza jicho zima likoje

Farasi na punda macho yao ni ya ukoo mmoja, dawa na magonjwa karibu ni yale yale, kwaiyo hata kama una farasi soma tu. Jicho lao ni kubwa, liko pembeni ya kichwa, ndo maana wanaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Faida ni kwamba adui hamvizii kirahisi, hasara ni kwamba jicho limetokeza, kila mwiba na kila fimbo inalifikia.

Kioo cha mbele tunaita konea, kinatakiwa king'ae kama glasi iliyooshwa, na unene wake haufiki milimita moja, hapo ujue kwanini mkwaruzo mdogo sio mdogo. Mboni, yaani kile kitundu cheusi cha katikati, kwa punda imelala, sio duara kama yako. Juu ya mboni utaona vinundu vyeusi kama vimasizi vimening'inia. Hivyo ni vya kawaida kabisa, usivitibu! Nimeshaitwa mara mbili kwa ajili ya vinundu hivyo, mara moja jamaa alikuwa ameshaanza kuweka majivu. Halafu kuna kope ya tatu, ile ngozi nyembamba kwenye kona ya ndani upande wa pua, kwa kawaida unaona ukingo wake tu.

Na machozi yana bomba lake linashuka mpaka puani. Kwa farasi tundu la bomba utalikuta chini, sakafuni mwa pua, ila kwa punda liko juu pembeni kwenye lile bawa la pua. Wengi hata waliosoma wanalitafuta sehemu ya farasi wanasema huyu hana tundu.

Hatua ya 1: angalia ukiwa mbali, usimshike

Simama mita kadhaa mbele yake, linganisha macho mawili. Angalia nywele za kope ya juu. Kwa mnyama mzima zinatoka karibu zimenyooka kwenda nje, jicho likiuma zinaelekea chini. Hiyo ndo dalili ya kwanza kabisa, inakuja kabla hata machozi hayajawa mengi, na mara nyingi haidanganyi. Halafu angalia kama anafumba, kama anakwepa jua, chozi ni la maji au ni usaha, na mashavu yana mfereji wa manyoya yaliyolowa.

Macho yote mawili yanatoa matongotongo mepesi, nzi wamejaa, punda anakula freshi: mara nyingi ni nzi na vumbi. Jicho moja tu, limefumba, linachuruzika: hilo chukulia ni kidonda mpaka rangi iseme vinginevyo, na ni la leo. Sio la mnada ukipita, sio la kesho asubuhi.

Hatua ya 2: kumshika

Mwingize kivulini, bora zaidi banda lenye giza. Mtu anayemjua amshike kwa kamba ya kichwani, asimame upande uleule unaofanyia kazi. Sikio usimnyonge, ukimnyonga sikio leo kesho hakupi kichwa, na dawa ya macho ni ya mara nne kwa siku, utashindana naye wiki nzima.

Kope ya juu ya punda ina nguvu, jicho likiuma hulifungui kwa vidole, na usilazimishe maana kama kidonda ni kirefu ukilikamua linaweza kupasuka mkononi mwako. Daktari anachoma ganzi ya lidokeini kidogo kwenye mshipa wa fahamu unaopita juu ya mfupa kati ya jicho na sikio, kope inalegea, na akiwa mkorofi anapigwa zailazini, sindano ya usingizi mwepesi. Punda na hasa nyumbu wa kuzalishwa (mtoto wa punda na farasi, sio yule wa porini) wanahitaji dozi kubwa kidogo ya usingizi kuliko farasi wa uzito ule ule, kwaiyo usishangae daktari akiongeza.

Hatua ya 3: tochi na rangi

Tochi ya simu inatosha. Mulika kwa pembeni, sio kwa mbele tu, mwanga wa pembeni ndo unaonyesha shimo na mkwaruzo. Jiulize: konea iko wazi au ina ukungu wa bluu, kuna weupe, kuna mishipa ya damu imeingia, mboni imebana au imefunguka, je mbele ya mboni kuna usaha au damu imekaa chini kama mashapo ya togwa. Kisha lete kiganja ghafla karibu na jicho bila kupuliza upepo, akikonyeza basi anaona (kitoto cha wiki moja hakikonyezi, hajajifunza bado, usiseme ni kipofu).

Rangi yenyewe inaitwa fluoresini, ni vikaratasi vya rangi ya chungwa, vile vile wanavyotumia watu wa macho hospitalini kwa binadamu, mi vyangu huwa naagiza Dar kwa pakiti. Lowesha kikaratasi kwa matone ya maji ya dripu ya chumvi, gusisha ndani ya kope ya chini, mwache akonyeze, halafu suuza kwa maji ya dripu mpaka ziada itoke. Konea nzima haishiki rangi. Palipochubuka panabaki kijani kibichi kinachowaka, hata doa la ukubwa wa punje ya mtama unaliona. Mara ya kwanza kuiona nilikaa kimya dakika nzima, nikamkumbuka yule punda wa kwanza.

Tahadhari moja ya wakubwa: kidonda kikichimba mpaka kwenye utando wa mwisho wa konea, katikati yake hapashiki rangi tena, unaona pete ya kijani na katikati peusi. Ukiona hivyo acha kila kitu, usimkabe, piga simu kwa daktari, jicho liko karibu kutoboka.

Na usiondoke mapema, subiri dakika kama kumi uone rangi ikitokea puani. Ikitokea bomba liko wazi. Isipotokea upande mmoja tu, hapo kuna kuziba, na daktari anaingiza mpira mwembamba puani anasukuma maji ya dripu mpaka uchafu utokee jichoni. Kazi ya dakika chache, na punda aliyelia miezi anakauka.

Sasa magonjwa yenyewe, naanza na linalopofusha wengi

*Kidonda cha konea.* Kinaletwa na nini huku kwetu? Miba na fimbo, ndio, ila kuna vya kwetu kabisa. Upupu, zile nywele zake zikiingia jichoni mnyama anajikuna mpaka anajichuna. Utomvu wa mnyaa, wengi wamezungushia maboma minyaa, tawi likivunjika maziwa yake yanaunguza jicho la punda na la kwako. Swila, akitema anatema usoni. Na wale wa Masasi, Newala, Tandahimba, kuanzia mwezi wa tano watu wanapopulizia unga wa salfa mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi la njano linatembea na upepo, punda kafungwa chini ya mkorosho kivulini, jioni macho mekundu yote mawili. Salfa ikikutana na unyevu wa jicho inawasha vibaya. Hapo sio ugomvi wa mkulima na mfugaji, ni kuhamisha kamba ya punda tu, sema watu hawasemezani mpaka wafikishane kwa mtendaji.

Kama ni utomvu, salfa, au mate ya swila: osha hapo hapo, usingoje mtu. Maji safi mengi, dakika kumi na tano hadi ishirini, mwaga taratibu toka kona ya ndani kwenda nje. Dripu ya chumvi ya nusu lita ni nzuri zaidi, inapatikana famasi. Kama huna, chemsha maji lita moja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha, yapoe kabisa ndo utumie. Usiweke maziwa, usiweke mkojo. Swila akitema jichoni tu hakuna haja ya sindano ya sumu ya nyoka, dawa ni kuosha halafu kutibu kama kidonda.

Kidonda chepesi, cha juu juu, hakina usaha: mafuta ya macho ya tetrasaikilini asilimia 1, au matone ya gentamaisini au kloramfeniko, mara nne kwa siku (kloramfeniko vaa glavu, na usiiguse kabisa kwa ng'ombe au mbuzi wa kuliwa). Daktari ataongeza atropini asilimia 1, tone moja mara moja au mbili kwa siku, inafungua mboni na kuondoa ule mkazo unaouma ndani. Na dawa ya maumivu, fluniksini miligramu 1.1 kwa kilo au fenilbutazoni. Wanyama hawa ukiwapa atropini nyingi utumbo unalala, kwaiyo hesabu mavi yake, akiacha kunya au anajiangalia tumbo simamisha atropini na piga simu.

Kidonda cha namna hii kinatakiwa kifunge ndani ya wiki. Hakijafunga? Basi kuna kitu. Daktari akunje ile kope ya tatu aangalie nyuma yake, nimewahi kuona daktari anatoa kipande cha ganda la mbegu ya nyasi kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kimekaa siku kumi kinakwaruza kila punda akikonyeza.

Kidonda kibaya ni kile kinachoyeyuka, kingo zake za njano au kijivu, laini, zinavuta. Hapo bakteria na hata seli za mwili wenyewe zinatoa vimeng'enya vinavyokula konea, na inaweza kwisha ndani ya siku moja. Dawa yake ya ajabu iko ndani ya punda mwenyewe: seramu. Daktari anachukua damu shingoni kwa usafi kabisa, kama mililita 20, anaiacha kwenye tyubu isiyo na dawa mpaka igande, ule maji wa njano wa juu ndo seramu, ina vitu vinavyozuia vile vimeng'enya. Inawekwa jichoni kila saa moja au mbili, pamoja na antibayotiki, usiku na mchana. Inakaa friji, ikipita wiki tupa, ikiwa na mawingu tupa hata kama ni ya jana. Kuna mzee hana friji aliiweka kwa jirani muuza soda, watoto wakaambiwa ni dawa ya punda asiguse mtu, hakuna aliyegusa.

Na joto letu na unyevu wa pwani huu ndo nyumbani kwa fangasi. Kidonda kilichoingia kwa mmea, kina weupe mkavu kama unga, hakisikii antibayotiki siku tatu nne, daktari akikwangue apime, dawa ni natamaisini au vorikonazoli na ni ya wiki nyingi. Ukikitia steroidi umekilisha pilau.

*Kuvimba kwa ndani ya jicho, yuveitisi.* Hii kwa farasi duniani ni moja ya sababu kubwa za upofu. Wazungu zamani waliita upofu wa mwezi, walidhani unakuja na kuondoka ukifuata mwezi, kwa sababu tabia yake ni kurudi rudi. Jicho linauma, mboni imebana kama uzi, ukungu wa bluu, saa ingine jicho likiguswa juu ya kope ni laini kuliko la pili. Chanzo kimojawapo ni leptospira, bakteria wa mkojo wa panya na wanyama wengine wanaoishi kwenye madimbwi, na binadamu anaupata pia, kwaiyo bwawa la kunywea maji wote pamoja sio zuri.

Hapa sasa ndo steroidi ina kazi yake, na ndo utamu na uchungu wa somo hili: magonjwa mawili yanafanana kwa sura, moja steroidi ni dawa, lingine steroidi ni sumu, kinachotenganisha ni kikaratasi cha rangi. Rangi ikikataa kushika, daktari anaanzisha prednisoloni asetati asilimia 1 au deksamethasoni mara nne hadi sita kwa siku, atropini, na fluniksini. Ikitulia usikate ghafla, punguza taratibu kwa wiki kadhaa, wengi wanaacha siku jicho linapong'aa na mwezi ujao linarudi, na kila linaporudi linaacha kovu ndani, mboni inajigandisha kwenye lenzi, mwisho mtoto wa jicho.

Na huku kwetu kwenye mbung'o, Liwale na ile mipaka ya hifadhi, kabla hujasema ni yuveitisi tu pima damu. Ndorobo, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, inaweza kuleta ukungu wa jicho na machozi, ila hapo utaona na vingine, amekonda, homa inakuja na kuondoka, tumbo au miguu imevimba chini. Maabara ya mifugo ya TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo) kanda ya kusini iko Mtwara. Ukitibu jicho ukaacha ndorobo utazika punda mwenye macho mazuri. Na ile dawa ya unga ya ndorobo mnayojichanganyia wenyewe kwa ng'ombe, kwa punda nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo, acha daktari ampime uzito na achome yeye.

*Wekundu wa nzi na vumbi.* Ndo mwingi, na ndo mwepesi. Osha mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi, pamba moja jicho moja, usirudie pamba. Mafuta ya tetrasaikilini mara tatu hadi nne kwa siku kwa siku tano. Halafu pambana na nzi: mavi yaondoke bandani kila siku, na mtengenezee pazia la nyuzi la kufunga kwenye kamba ya kichwani, vipande vya khanga iliyochakaa vilivyochanwa chanwa vinafika juu ya macho, akitikisa kichwa nzi wanaruka.

Nzi hao hao wanabeba minyoo inaitwa habronema, wanaacha viluwiluwi vyake kwenye kona ya jicho palipolowa. Unaona nyama nyekundu imeota kona ya ndani, ina vipunje vya njano vigumu kama chenga za mchele. Antibayotiki haisaidii. Dawa ni ivamektini ya kulishwa mdomoni, mikrogramu 200 kwa kilo. Ile sindano ya ng'ombe usimchome punda.

*Kope kuchanika.* Seng'enge, msumari wa mkokoteni, meno ya mwenzie. Kipande kinaning'inia, na mtu anatoa wembe anakata ili "kisafishe". Usikate! Hata kikiwa kimesinyaa. Kope ina damu nyingi, inaungana vizuri sana ikishonwa siku hiyo hiyo, ukiikata konea inabaki wazi maisha yake yote na utatibu vidonda mpaka uchoke. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya dripu, ita daktari ashone, na apate kinga ya pepopunda.

Na hapo hapo kwenye pepopunda: ukiona kope ya tatu inaruka na kufunika jicho ukimshtua au ukimnyanyua kichwa, masikio yamesimama wima, mkia umenyanyuka, anatembea kama meza, hilo sio jicho. Ni pepopunda. Jina lenyewe si unalisikia? Daktari saa hiyo hiyo, mweke gizani kimya.

*Uvimbe.* Punda wenye ngozi nyeupe nyeupe kuzunguka jicho jua letu linawaletea saratani ya ngozi, inaanza kama kidonda kidogo pembeni ya kope kisichopona. Kingine ni sakoidi, ndo uvimbe unaoongoza kwa farasi na punda, unahusiana na virusi vya chunjua vya ng'ombe. Sakoidi ukiichokoza kwa kisu nusu nusu inarudi na hasira mara mbili, aidha daktari aitoe vizuri au iachwe. Kikiwa bado kidogo mwonyeshe daktari, usikae nacho mwaka.

*Mtoto wa jicho na presha ya jicho* nitavipita, maana huku dawa yake ya maana hamna. Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa farasi unafanyika kwenye hospitali kubwa za nje. Presha unaijua jicho likiwa limekua kubwa kuliko la pili na lina mistari meupe ndani ya konea.

Wenye farasi tu: vile vishimo vya juu ya macho vikivimba vikajaa, pamoja na homa na kuhema, huo unaweza kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaua haraka. Punda wengi wanauhimili, farasi hapana.

Kuweka dawa bila kugombana

Tyubu iweke mfukoni kwako dakika kumi kabla, ipate joto, mafuta ya baridi anayachukia. Osha mikono. Mkono unaoshika dawa uegemeze kwenye paji lake, akitikisa kichwa mkono unaenda naye na ncha haimchomi. Vuta kope ya chini kidogo, laza mafuta urefu wa punje ya mchele, ncha isiguse jicho. Achia, akonyeze mwenyewe. Kama kuna matone na mafuta, matone kwanza, subiri dakika tano hadi kumi, mafuta mwisho.

Kama anajikuna kwenye nguzo, mfungie sehemu isiyo na nguzo ya kujikuna, na mfiche jua. Kamba ya kichwani angalia isipite karibu na jicho.

Vitu ambavyo sitaki kuviona: sukari, tumbaku, majivu, majani yaliyotafunwa, na OTC (antibayotiki ya oksitetrasaikilini) ya sindano inayonyunyizwa jichoni kwa bomba. Hiyo ya mwisho naiona kila wiki kwa ng'ombe wenye jicho jekundu, jamani ile OTC kwa ng'ombe ukimchoma kwenye nyama inatoka yenyewe kwenye machozi, hakuna haja ya kumwagia jichoni na kumuunguza.

Jicho likishashindikana

Jicho lililopasuka au kipofu linalouma bora litolewe kuliko kumwacha anateseka. Daktari anafanya punda akiwa amesimama, kwa usingizi mwepesi na ganzi nyuma ya jicho, nyuzi zinatolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Watu wanaogopa sana hili, ila siku tatu baadae unamwona anakula kuliko alivyokula mwezi mzima.

Yule jike wa yule mzee alitolewa hivyo hivyo, nililipia mimi nusu. Punda chongo anafanya kazi vizuri ukijua mambo mawili. Ukimkaribia upande wa jicho lisilokuwepo ongea kwanza, aisikie sauti kabla ya mkono, la sivyo utakula teke na ni haki yako. Na kwenye mkokoteni wa punda wawili mfunge upande ambao jicho zima linatazama nje barabarani, lile lililofungwa limwelekee mwenzie. Mzee ndo alinifundisha hilo, mi nilikuwa namfunga kinyume, anavuta kwenda mtaroni, mzee akanicheka, "Bwana mifugo, we umesomea jicho, mi nimesomea punda."